Jino Lililosubiri Idhini

Umoja, Alhamisi alasiri

Mwanangu Simiyu,

Umeenda kwa kinyozi, na kwa jinsi ninavyomfahamu kinyozi huyo na mijadala yake ya siasa, nina saa mbili nzima. Baba yako bado yuko kiwandani. Nimeketi kwenye meza ninayosahihishia prufu, nami nimejiwekea sharti la kuandika barua hii kwa mkupuo mmoja, bila rasimu, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika miaka yote niliyolipwa kusahihisha maandishi ya watu wengine. Ukikuta sentensi iliyolegea, iache ilivyo.

Sitakuagiza kuhusu kufua, kupika wala kuamka. Una miaka kumi na tisa. Usichokijua kuhusu sufuria na sabuni, Eldoret, unakokwenda kesho kuanza kazi ya kiwanda, itakufundisha kwa ukali kuliko mimi. Mambo ya marafiki na ya kanisa atakuambia baba yako, na atayasema vizuri zaidi kwa kuwa yeye huweza kukuchekesha huku akikuonya. Mimi nina jambo moja tu. Ni jino lako la juu, upande wa kulia.

Jumapili, nilipokuwa nikipiga pasi shati lako jeupe, nilikuta karafuu saba katika mfuko wa kifuani. Mtu hatembei na karafuu mfukoni kwa ajili ya pilau. Nilikuuliza, ukacheka, ukasema, "Mathe, hiyo haina noma. Nitaona daktari nikishapata kadi ya kazi. Ni miezi mitatu tu." Kisha, ukiwa tayari mlangoni, ukaongeza: "Na tafadhali usianze kuandika barua."

Ulilisema kama mzaha. Nililipokea kama mzaha, nikaendelea na pasi, nikaunguza kola. Tangu Jumapili nimekuwa nikijaribu kukukasirikia ipasavyo, na kila nikianza hasira hiyo inageuka njiani na kunirudia. Mpango wako wa kuuma karafuu kwa miezi mitatu hadi bima ya mwajiri ianze kufanya kazi ni mpango wa kipumbavu. Nauita hivyo bila kusita kwa sababu ni mpango wangu mwenyewe. Uliuona ukitekelezwa katika nyumba hii ulipokuwa darasa la saba, na jino lililotumika kuutekeleza lilikuwa lako.

Hujawahi kusimuliwa kisa kile kwa ukamilifu. Ulikuwa mtoto, ukaona shavu lako tu. Acha nikueleze upande wangu, ambao haunipendezi.

Lilikuwa gego la chini, kushoto. Lilianza kukusumbua muhula wa pili, nami nikakupeleka kwa Daktari Muthoni pale Buruburu, ghorofani, juu ya duka la viatu. Unamkumbuka: mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole na mikono isiyo na upole hata kidogo. Aligonga jino kwa kijiti cha chuma, wewe ukaruka, naye akasema, "Hili linaweza kuokolewa. Lakini mimi sifanyi kazi ya kubahatisha, Mama Simiyu. Nipige picha kwanza, nione mzizi." Alikupa kipande cha filamu kisichozidi stempu ya posta, ukakiuma, mashine ikavuma. Nililipa shilingi mia nne. Picha ilipokauka aliishika mbele ya dirisha na kutuonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi. Alitaka kuanza kutibu mzizi wiki iliyofuata.

Kampuni yetu ya uchapishaji, wakati huo, ilikuwa imetuandikisha katika bima ya matibabu kwa mara ya kwanza. Kila mfanyakazi alipewa kijitabu cha kurasa kumi na sita. Wenzangu walikitia droo. Mimi nilikisoma kwa kalamu nyekundu, kama ninavyosoma kila kitu, na nilijivunia kwamba katika jengo zima ni mimi peke yangu niliyejua kilichoandikwa ndani yake. Ukurasa wa tisa ulisema kwamba picha za eksirei za meno zitalipiwa pale tu zinapohusiana na matibabu yaliyoidhinishwa. Ukurasa wa kumi na moja ulisema kwamba matibabu ya mzizi yataidhinishwa baada ya kuwasilishwa picha ya eksirei. Soma tena sentensi hizo mbili. Picha hailipiwi bila matibabu, na matibabu hayaidhinishwi bila picha. Kung'oa jino, kwa upande mwingine, kulilipiwa moja kwa moja, bila picha, bila idhini, bila swali. Mtu aliyeandika kijitabu kile alikuwa amepanga, pengine bila kukusudia, kwamba njia rahisi kuliko zote kwa mtoto wa mfanyakazi iwe ni kubaki bila jino.

Niliona kasoro hiyo mapema kuliko mtu yeyote. Ndiyo sababu inaniuma zaidi.

Fomu ya madai ilitaka viambatisho asili. Neno lilikuwa hilo, asili, tena limepigiwa mstari. Njoroge, aliyekuwa akipanga herufi katika chumba cha jirani, alinikuta nikiibana ile picha kwenye fomu.

"Unawapa picha yenyewe?" akauliza.

"Wametaka asili."

"Madam, asili ni risiti. Picha ni ya daktari. Sisi wote huwapa risiti, na wakiuliza picha tunawaambia iko hospitali."

"Hiyo ni kusema uongo kwenye fomu iliyotiwa sahihi."

Njoroge aligeuka kurudi chumbani kwake. "Sawa," akasema. "Basi mpe mtoto pole."

Nilimwona mtu wa njia za mkato. Nikafunga bahasha, nikaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya bima mjini, ghorofa ya nne, nikadai igongwe muhuri wa kupokelewa. Hakuna mfanyakazi mwingine ambaye angefanya kosa lile; lilihitaji mtu mwangalifu sana.

Wiki iliyofuata tulipanda ngazi za Daktari Muthoni. Akavaa glavu, akaniambia, "Nipe ile picha niiweke hapa mbele." Nikamwambia iko kwa watu wa bima. Akasema, "Nipige nyingine?"

Simiyu, shilingi mia nne zilikuwamo katika mkoba wangu. Nataka ulijue hilo kwa sababu najua umekua ukiamini kwamba zilikosekana. Hazikukosekana. Nilimjibu kwamba picha ipo, imelipiwa, na wanaoishikilia wana wajibu wa kuirudisha. Daktari akakuandikia dawa za kupunguza uvimbe na kusema tusikawie. Ngazini uliniuliza kwa nini hatukumaliza, nami nikakupa maelezo marefu kuhusu kanuni. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na umeshika shavu.

Nilirudi ghorofa ya nne. Kijana wa kaunta alikuwa na tai safi na adabu isiyo na mwisho.

"Mama, ikishaingia kwenye faili, ni mali ya faili."

"Na faili iko wapi?"

"Iko kwa mkaguzi."

"Mkaguzi ni daktari wa meno?"

"Hapana, mama. Ni mkaguzi."

"Basi anaangalia nini katika picha?"

Alifikiri kwa dhati. "Anaangalia kama ipo," akasema.

Je, wangelipia picha ya pili? Hapana, jino moja lilistahili picha moja kwa mwaka, na picha ya mwaka huo ilikuwa tayari imepigwa. Je, wameidhinisha matibabu kwa kuwa picha wanayo? Bado, ombi la idhini lilipaswa kujazwa na daktari, naye daktari hakuweza kulijaza bila kuangalia picha. Nilishuka ngazi zile kwa hasira, na ndani ya hasira hiyo, nikiri, mlikuwa na furaha. Nilikuwa nimekutana na adui mwenye makosa ya maandishi. Hakuna adui ninayemweza zaidi.

Niliandika barua tano katika wiki saba. Zilikuwa nzuri. Baba yako alikuwa akirudi kutoka Industrial Area macho yamewaka kwa cheche za kuchomelea, anaketi, namsomea. Mara ya tatu alinikatiza. "Mama Simiyu, hiyo barua iko sawa kabisa. Lakini si tulipe tu hiyo picha, tulale?" Nikamjibu kwamba tukilipa mara ya pili tutakuwa tumekubali kwamba wao ndio wako sahihi. Akasema, "Wao hata hawajui kwamba tunabishana nao." Nilimwona hajanielewa. Sasa naona kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameelewa kitu katika chumba kile, pamoja nawe uliyekuwa umelala kwenye kochi na kitambaa cha maji ya chumvi.

Nafika sasa mahali ambapo ningependa kupita haraka. Kila nilipoandika barua nilihitaji kueleza hali ya mgonjwa, kwa hiyo nilikuuliza. "Linauma leo?" Ukisema linauma, niliandika: mgonjwa anaendelea kupata maumivu makali. Ukisema limetulia, niliandika: maumivu huja na kuondoka. Nilikuuliza nikiwa na kalamu mkononi, macho yangu kwenye karatasi. Jioni ya barua ya nne ulisema, "Haliumi." Nikakuambia kwamba shavu lako linasema vingine. Ukasema, "Andika tu limepona, Mama. Andika limepona, wakuache." Nilifuta sentensi, nikaandika nyingine iliyokuwa sahihi zaidi, nikakutuma ukalale.

Kuanzia siku hiyo hukuniambia tena kwamba jino linauma. Nilidhani dawa zimefanya kazi. Mtu anayeweza kuona nukta iliyokosekana katika ukurasa wa mia tatu hakuona kwamba mwanawe amejifunza kumficha maumivu, kwa sababu kila alipoyataja yaligeuzwa kuwa ushahidi.

Nje nako hukuachwa. Vijana wa korti yetu hapa mtaani walikuita Mandazi kwa sababu ya shavu lililovimba. Niliwasikia kupitia dirishani: "Niaje, Mandazi! Hiyo ingine umemwachia nani?" Nawe ukacheka nao kwa upande mmoja wa mdomo. Ulifanya mtihani wa majaribio ukiwa hivyo. Nilipoona alama zimeshuka nilikukaripia kwa uzembe.

Jumamosi ya wiki ya saba jicho lako la kushoto halikufunguka. Baba yako hakuniuliza neno. Alikubeba mgongoni, wewe mkubwa vile, hadi barabarani akapata teksi, na tulipofika Buruburu nilikuwa bado nimeshika bahasha yenye nakala za barua zote tano, sijui kwa nini. Daktari Muthoni alikuangalia kinywani na kusema kwamba kwanza atatoa usaha, kisha atang'oa. Nikamuuliza kama hatahitaji picha. "Kwa hili?" akasema. "Hili halihitaji picha tena." Hakunilaumu. Aliniomba nikushike kichwa. Nilikushika, nikasikia jino likitoka. Sauti hiyo hupita katika mikono.

Bima ililipa kung'oa ndani ya siku kumi.

Na miezi miwili baadaye, Simiyu, ilikuja bahasha nyingine. Ndani mlikuwa na ile picha, safi kabisa, pamoja na hundi ya shilingi mia nne. Barua ilieleza kwamba kwa kuwa sasa matibabu yalikuwa yamefanyika, picha ilikuwa imehusiana na matibabu, na dai langu la awali limekubaliwa. Nilishinda. Nililiona kosa lao kabla yao, nikaliandikia, na mwishowe wakalipa hadi senti ya mwisho. Niliiweka hundi mezani ili baba yako aione. Aliisoma akiwa amesimama, akiwa bado na viatu vya kazi.

"Haya," akasema. "Kanunue jino."

Ndilo neno kali kuliko yote aliyowahi kuniambia katika ndoa yetu, naye alilisema kwa sauti ya chini kabisa, kisha akaenda kuoga.

Kwa muda mrefu nilijitetea kimoyomoyo kwamba kosa lilikuwa la kijitabu. Lilikuwa la kijitabu. Bado naamini hivyo. Ukinipa kurasa zile leo nitakuonyesha upuuzi wake mstari kwa mstari, na damu itanichemka upya. Lakini upuuzi wao ulikuwa na uwezo wa kuninyima shilingi mia nne tu. Jino lako sikunyang'anywa na mtu wa tai. Nililiweka mimi mwenyewe juu ya kaunta yake, kama dhamana, ili aone kwamba sitanii. Sikujua kwamba nafanya hivyo, na kutojua huko hakunipunguzii kitu. Nilichokuwa nikitetea, ukikichunguza kwa makini, hakikuwa afya yako wala fedha zetu. Nilikuwa nikitetea raha ya kuwa sahihi mbele ya watu ambao hawakuwa wakisoma.

Ndiyo maana siwezi kukuambia uchukie bima. Itumie. Siku utakapopewa kijitabu chako kule kiwandani, kisome usiku huohuo, anzia ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, kwa sababu huko ndiko wanakosema kweli. Uliza bei ya picha kabla ya kukaa kwenye kiti, si baada ya kuinuka; hakuna aibu katika kuuliza, na daktari anayekasirika kwa swali hilo mwache. Wakikuomba picha, wape risiti, na kama hawatosheki waombe waje waitazame kwa daktari. Ndiyo, najua ni nani aliyeniambia hivyo. Nilimwomba Njoroge radhi miaka miwili iliyopita, kwenye sherehe ya kustaafu kwake, naye hata hakukumbuka. Dai chochote unachostahili, andika barua ukitaka. Una mkono mzuri, ulioupata kwangu. Lakini lipa kwanza, tibiwa kwanza, kisha ubishane ukiwa na meno yako yote. Ukishindwa, umepoteza shilingi mia kadhaa. Fedha za kiasi hicho huwa zinapotea kila mwezi katika nyumba hii bila yeyote kuandikiwa barua.

Sasa kuhusu jino la kulia. Nimekutazama ukila tangu Jumapili. Kwa miaka sita umetafuna kwa upande huo pekee, kwa sababu upande mwingine niliupunguza mimi. Sasa upande huo umeanza kuuma, nawe unakula ugali kwa meno ya mbele kama sungura, ukidhani hatuoni. Miezi mitatu ya kusubiri kadi si muda mfupi. Nimeshaona kinachoweza kutokea ndani ya wiki saba. Na ukilipoteza hili, hutakuwa na upande wa kuhamia.

Unaogopa nini hasa? Nimejiuliza hivyo kwa siku nne. Sidhani unaogopa mashine wala sindano. Sidhani hata unaogopa gharama, ingawa ndiyo unayoitaja. Nadhani unaogopa kuniambia "linauma" na kuniona nikinyoosha mkono kutafuta kalamu. Kama nimekosea, nisahihishe. Ni haki yako, nami nitafurahi. Lakini kama sijakosea, basi nisikilize vizuri: ukiwa Eldoret, ukiumwa, mwambie mtu. Si lazima awe mimi. Mwambie mwenzako wa chumba, mwambie msimamizi, mpigie baba yako simu ya kiwandani. Yeye hatakuuliza maelezo, atauliza nauli ni kiasi gani. Ukiniambia mimi, nitajaribu kukuuliza swali moja tu, kisha ninyamaze. Siahidi kwamba nitaweza mara ya kwanza.

Leo saa saba mchana niliomba ruhusa kazini nikaenda Buruburu. Daktari Muthoni ameongeza miwani, mikono ni ileile. Nimemlipa picha, na nimemwachia fedha za kuziba jino ikiwa picha itaonyesha kwamba kuziba kunatosha. Ikionyesha kwamba ni mzizi, ataanza kesho na atakuandikia barua ya kupeleka kwa mwenzake aliyeko Eldoret, nawe utakwenda kwake Jumatano ijayo, kwa fedha zilizomo katika bahasha ya kahawia iliyo chini ya barua hii. Baba yako aliongeza zake jana usiku, ndiyo sababu nyingine zina grisi. Aliponiuliza kama nitadai zirudishwe na mtu yeyote, nilimwambia hapana. Alinitazama kana kwamba nimeumwa.

Zamu yako kwa daktari ni kesho saa mbili asubuhi, wa kwanza kabisa. Najua basi lako ni la saa tatu. Nilipita kituoni pia. Karani alilalamika, nikamwacha alalamike, na tikiti yako sasa ni ya saa nane mchana. Utafika Eldoret usiku, ukiwa na njaa na ganzi mdomoni, na pengine utanikasirikia kuanzia hapa hadi Nakuru. Kasirika. Lakini uwe umekaa kwenye kiti cha daktari saa mbili, mdomo wazi, na akikugonga jino kwa kile kijiti akuulize kama linauma, mwambie ukweli.

Mimi nitakuwa nimekaa nje, kwenye benchi. Sitaingia.

Mama yako